Pipa la Marehemu

Ufunguo wa kikanisa cha Mtakatifu Brás, Felisbela ndiye aliyempa Telmo kwa mkono wake mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Angeuiba, angemwita mwizi, basi. Lakini alikuja asubuhi akabisha hodi, akavua kofia, akaamkia kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Leo nina wageni basi zima. Nataka nikawaonyeshe altare tu, ile nakshi ya dhahabu, halafu nakurudishia."

"Marahaba. Waambie wavue kofia. Na wasikalie kiti cha padre."

Akautoa msumarini nyuma ya mlango, akampa.

Altare tu!

Telmo alikuwa mtoto wa mdogo wake Hermínio, na Hermínio alikuwa mume wa Felisbela mpaka mwezi wa pili mwaka ule, alipokutwa kwenye matuta ya juu amelala kati ya mizabibu, mkasi wa kupogolea ungali mkononi. Baba yake Telmo alikwenda Ufaransa kujenga nyumba za watu, asirudi ila kwa likizo, hivyo kijana alikulia mezani kwa Felisbela, akila supu yake na kupigwa kwa kijiko chake cha mbao. Sasa alikuwa mtu mzima wa fulana yenye mifuko mingi, kazi yake kutembeza wageni. Tangu serikali iweke kibao cha kahawia pale njia panda, kwamba Castedinho ni kijiji cha kihistoria, mabasi yalikuwa hayakatiki. Wageni walipiga picha mlango, wakapiga picha paka, wakapiga picha soksi nyeusi za Felisbela zikiwa kambani.

"Soksi zako zimefika Japani kabla yako, dada," jirani yake Zulmira alikuwa akimtania. "Angalia zisije zikaolewa huko."

Kwa hayo Felisbela alikuwa akicheka. Picha haimtoi mtu damu. Lakini pipa ni jambo jingine.

Pale Castedinho, nyumba ikifiwa, divai ya mwisho aliyoikanyaga marehemu kwa miguu yake haiuzwi, wala hainywewi mezani. Hupelekwa chumba cha chini ya kikanisa, ikamiminwa katika pipa la marehemu, na pipa hilo hakuna anayeligusa mpaka Siku ya Marehemu Wote. Siku hiyo kijiji kizima husali rozari, kisha kila mtu hupewa kikombe kimoja kidogo cha udongo, akamtaja marehemu kwa jina, akanywa. Sheria yake kila mtoto anaijua kabla hajaimaliza Baba Yetu: aliyekunywa anasali.

Mwaka ule alikuwa amekufa Hermínio, akafa pia bibi kizee Ludovina ambaye hakuwa na hata mzabibu mmoja. Kwa hiyo pipa zima lilikuwa Hermínio. Felisbela alipeleka yote, hakujibakizia hata chupa ya kutia kwenye mchuzi. Alifanya hivyo kwa sababu aliijua ile divai ilivyopatikana. Magoti ya mumewe yalikuwa yameharibika, na msimu wake wa mwisho aliingia peke yake ndani ya birika la mawe la kukamulia zabibu, akashika ukingo kama mtoto anayejifunza kutembea, akakanyaga. Telmo aliitwa aje kumsaidia. Telmo alikuwa na wageni.

Jumamosi ile, iliyotangulia Siku ya Marehemu, Felisbela alipanda kikanisani na ufagio na ndoo ya maua ya makaburini. Mlango wa juu ulikuwa wazi, altare haina mtu. Kicheko kilitoka chini.

Akashuka ngazi polepole. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa umeegeshwa, ufunguo ule ule wa kikanisa ukining'inia kwenye kitasa kwa nje. Akachungulia. Wageni walikuwa wamesimama kulizunguka pipa, vikombe vya udongo mikononi, vile vile vya marehemu. Juu ya pipa palikuwa na mkate, jibini na soseji za moshi zilizokatwakatwa. Mzee mmoja wa kofia pana alikuwa anakijaza kikombe chake mwenyewe bombani, na divai ikimdondokea kiatuni. Telmo alikuwa amesimama katikati, mikono hewani, anawasimulia. Lugha ile Felisbela hakuijua, lakini aliliona igizo lenyewe: Telmo aliyageuza macho, akatoa ulimi kama maiti, akanywa. Wageni wakacheka tena.

Damu ilimpanda Felisbela mpaka masikio yakavuma. Akauchomoa ufunguo, akaingia, akafunga mlango kwa ndani, akautumbukiza ufunguo kifuani.

"Mama Mkubwa!" Telmo alishtuka. "Karibu, karibu. Jamani, huyu ndiye..."

"Telmo, hicho ni nini kinywani mwako?"

"Ah, tumeonja kidogo tu. Wanapenda mambo ya asili. Nilipowaambia divai ya wafu, wenyewe wamesisimka."

Felisbela akalisogelea pipa, akaligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia juu, akiusikiliza mlio. Wazi. Akashuka. Wazi. Akashuka mpaka chini ya kiuno chake, ndipo mlio ukawa mzito.

"Kidogo," akasema.

"Si hawa peke yao. Wiki iliyopita pia nilikuwa na..." Telmo akajing'ata, lakini neno lilikwisha toka. Ina maana ufunguo alikuwa ameuomba mara nyingine pia, kwa kisingizio kile kile cha altare. "Lakini usijali, Mama Mkubwa. Nimeshafikiria. Jumatatu naleta divai ya chama cha ushirika, nyekundu nzuri, najaza. Hakuna atakayejua."

Hapo ndipo Felisbela alipokasirika kweli. Yale ya kwanza yalikuwa moto wa makuti.

"Hakuna atakayejua? Kijiji kizima kisimame hapa, kiseme 'Hermínio', kinywe divai ya ushirika? Baba yako mkubwa alikuita uje umsaidie kukanyaga, ukamnyima miguu yako. Akakanyaga na magoti yale. Sasa umewanywesha watu wasiomjua, umemtolea na ulimi. Mimi nilikulisha nini, Telmo? Nilikulisha majivu?"

"Mama Mkubwa, taratibu, wageni..."

"Wageni! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawajakaa hata saa moja, na jembe nawapa leo leo. Waambie wapige magoti."

"Nini?"

"Wamekunywa. Waambie."

Telmo akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga ukingo wa kisima. Akawageukia wageni, akasema maneno machache. Na wageni, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi. Walidhani huyu mama wa nguo nyeusi ameletwa makusudi, aigize. Mwanamke mmoja mrefu akainua simu kumpiga picha usoni. Felisbela akampokonya, akaitia mfuko wa aproni pamoja na uzi na sindano.

Makofi yakafa.

Mzee wa kofia pana akaenda mlangoni, akatikisa kitasa. Akakitikisa tena. Akasema kitu kwa ukali.

"Anasema basi linaondoka," Telmo akatafsiri, jasho likimtiririka.

"Litangoja. Ludovina yuko chini ya udongo tangu Pasaka na hajalalamika. Mwambie avue kofia."

"Mama Mkubwa, hawa watu wengine hata si Wakatoliki!"

"Divai waliinywa kama Wakatoliki."

Alijua hasira ni dhambi. Alijua pia kwamba kesho padre angekaa katika kiti cha maungamo kabla ya misa, naye angeipeleka hasira hiyo yote bila kupunguza. Lakini leo alikuwa nayo, na hakuwa tayari kuiachia. Akatoa rozari mfukoni, ile ya mbegu za mzeituni, akapiga magoti juu ya mawe mbele ya pipa, akamnyooshea Telmo kidole.

"Anza wewe. Matendo ya uchungu."

"Jumamosi husaliwa matendo ya furaha," Telmo akanong'ona, kwa kuwa kijiko cha mbao kilikuwa kimemfundisha.

"Kumbe unakumbuka! Ya uchungu, nimesema."

Bibi mmoja wa kundi lile, mnene, mwenye viatu vya kamba, akamtazama Felisbela usoni, akalitazama pipa, akauliza neno moja. Telmo akajibu kwa sauti ya chini. Bibi yule akakiweka kikombe chake sakafuni kana kwamba kimekuwa cha moto, akashika ukingo wa pipa, akashuka magotini kwa taabu. Yule mrefu akafuata. Wakafuata wengine. Mzee wa kofia pana alibaki mlangoni amesimama, lakini kofia aliivua.

Telmo akaanza. "Salamu Maria, umejaa neema..." Mara ya kwanza alikwama katikati, Felisbela akamsukuma kwa "Umebarikiwa kuliko wanawake wote!" kama mtu anayemsukuma punda mlimani. Wageni hawakuyajua maneno, wakawa wananguruma tu pale palipostahili kujibiwa, kama nyuki ndani ya mzinga. Nje dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Hakuna aliyethubutu kumwangalia Felisbela. Fungu baada ya fungu, kwenye sakafu ya mawe, mpaka goti lake mwenyewe la kulia likawaka moto, naye akalikandamiza zaidi kwenye jiwe kwa makusudi.

Walipomaliza akasema, "Sasa jina."

Mmoja mmoja wakamtaja. Herminu. Erminyo. Mwingine alisema kitu kilichofanana na jina la sabuni. Felisbela alimrudisha kila mmoja mpaka akalipatia. Mzee wa mlangoni alilisema la mwisho, kwa hasira, lakini alilisema. Ndipo alipoutoa ufunguo kifuani, akamrudishia yule mrefu simu yake, akasimama kando ya mlango. Bibi wa viatu vya kamba alipopita alitaka kumshika mkono. Felisbela hakumpa. Hakuwa amefika huko.

"Mama Mkubwa, nisamehe," Telmo alisema basi lilipokwisha ondoka.

"Kusamehe ni kazi ya padre, kamwone. Mimi na wewe tuna Jumanne. Utasimama mlangoni. Kila atakayeingia utamwambia kwa nini kikombe hakijai. Wewe, kwa mdomo wako. Na huo ushirika wako nikiuona hapa, nakumwagia kichwani."

Hata hivyo aliileta ile divai Jumatatu jioni, dumu kubwa begani. Pengine alidhani hasira imepoa. Felisbela alimkuta kwenye ngazi, akamwonyesha njia kwa kidole, na Telmo akaliteremsha lile dumu mlima mzima, huku Zulmira akimwimbia dirishani:

"Mgeni njoo, mwenyeji apone! Umepona, mwanangu? Mbona unahema?"

Jumanne, Siku ya Marehemu Wote, Telmo alisimama mlangoni bila fulana yake ya mifuko. Kila aliyeingia alimwambia. Wazee wengine walimsikiliza, wakampita bila kumpa mkono. Mpwa wa Ludovina alimtemea mate karibu na kiatu. Zulmira alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Rudia, sikio hili halisikii vizuri," naye akarudia.

Rozari ikasaliwa. Felisbela akagawa. Hakuwapa watu kikombe, aliwapa funda moja la kulowesha ulimi. Kila mmoja akasema, "Hermínio," akasema, "Ludovina," akanywa, na ilikuwa imekwisha kabla haijafika kooni. Watu walitazamana. Hermínio, mtu aliyejaza nyumba kwa kicheko chake, ameishia kuwa unyevu mdomoni.

Ilipofika zamu yake bomba lilikohoa, halikutoa kitu. Wawili walimsaidia kuliinamisha pipa. Yakatoka mashapo, meusi, mazito, yenye vipande vya maganda ya zabibu. Kikombe kikajaa. Ndicho pekee kilichojaa siku ile.

Felisbela akasema, "Hermínio." Akanywa yote, na yale maganda akayatafuna.

Kisha akaenda mlangoni, akamshikisha Telmo kikombe kile.

"Kioshe," akasema. "Na vingine vyote."

Akautia ufunguo kifuani, akashuka kwenda nyumbani bila kumngoja.