Kitambaa Alichokiota Wilkista

Kompyuta ya Edinah ilizimika mchana, manyunyu yakiinyeshea Kitale taratibu, na wala stima haikuwa imepotea. Iliuawa na heshima. Edinah alikuwa ameifunika gubigubi kwa vitambaa vya kroshia, kimoja juu ya skrini, kingine kipana juu ya lile sanduku lake linalovuma mezani, kama alivyofunika televisheni, redio, friji na kila kochi mle sebuleni. Nyumbani kwa binti ya Wilkista, kitu kukaa uchi ni aibu. Basi maskini ya Mungu kompyuta ikachemka chini ya maua meupe, ikakoroma kidogo, ikanyamaza.

Alipoiwasha tena ikamuuliza swali. Edinah ana tabia moja ambayo hakuna mtu amewahi kumwachisha: akiulizwa na mashine jambo asilolielewa, hujibu hapana. Akajibu hapana. Lahajedwali likafunguka mbele yake likiwa jeupe pe pe pe, safu kwa safu za visanduku vitupu.

Maofisini watu hujaza lahajedwali kwa tarakimu. Edinah alikuwa amelifanya karatasi ya mshono. Kisanduku alichokipaka buluu kilikuwa mahali pa kujaza uzi, kilichobaki cheupe kilikuwa tundu. Na mshono wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa mama yake, Wilkista, anayemwita Mayi, aliyekuwa kwake Sirisia, upande wa Bungoma. Tangu usichana wake mama huyo huota vitambaa. Wenzake wakiota nyoka na harusi, yeye huota tausi na matawi ya mizabibu, kisha huamka na kuanza kuvifuma kabla chai haijachemka. Ndoto hii ya mwisho ilimjia wakati vidole vyake vimeshaanza kutetemeka, sindano haishikiki. Ndipo akaanza kumtajia binti yake kwenye simu, mstari kwa mstari. Jaza tatu, acha mbili, jaza moja. Picha ni ya nini, hakusema.

"Utaiona ikiisha," alimwambia. "Wewe jaza tu."

Jioni moja, katikati ya mstari, Wilkista akanyamaza, halafu akauliza kwa adabu, "Kwani naongea na nani?" Edinah alicheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Tangu siku hiyo simu ilikuwa ikipokewa na Peris, mke wa kaka yake, ambaye husema pole pole, "Leo hajaamka vizuri, wifi." Mshono ule ulikuwa umetoka kichwani mwa mama na hauwezi kutajwa tena. Mahali pekee ulipobaki ni ndani ya ile kompyuta.

Na Edinah hakuwa ameuhifadhi hata mara moja. Mfumaji yeyote angemwelewa. Kazi ya kroshia haifungwi kabla haijaisha. Unaiacha na sindano yake ndani ya kitanzi, inakungoja. Basi naye aliliacha lahajedwali wazi, usiku na mchana, akimngoja mama yake arudi kwenye mstari. Stima ikipotea, kuna kibetri chini ya meza kilichokuwa kikiiwasha kompyuta, kikilia kama kifaranga mpaka irudi. Alijiona mjanja sana.

Alimpigia simu rafiki yake Navneet, mwenye duka la nyuzi mjini, anayeweka hesabu za duka zima kwenye kompyuta. Navneet akasema anakuja mvua ikipungua. Edinah akakaa akiutazama ule weupe. Aliutazama mpaka ukaacha kuwa skrini. Visanduku vikawa vyumba vidogo visivyo na paa, na yeye yumo ndani, anatembea peku juu ya sakafu baridi, akivuka kizingiti baada ya kizingiti, na kila chumba ni kitupu. Nyuma ya ukuta, karibu kabisa, alimsikia mama yake akihesabu kwa sauti ya zamani, sauti yenye nguvu. Aliongeza mwendo. Sauti nayo ikasogea chumba cha mbele. Aliogopa, nami simcheki kwa hilo.

"Ati umeivalisha nini?" Navneet alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli unachuruzika. "Edinah! Hii mashine si inapumua na haya mashimo? Umeizika ikiwa hai, bana."

"Usinichekeshe. Kazi ya Mayi imepotea."

"Uliseva?"

"Ningeseva aje na haijaisha?"

Navneet akauweka mwavuli kando. "Na ilipowaka, iliuliza kitu?"

"Iliuliza. Nikasema hapana."

"Hapana ya nini?"

"Sijui. Hapana tu."

Navneet akavuta kiti, akakunja mikono ya sweta. "Una bahati. Hizi mashine ziko kama mama mkwe. Zinaweka vitu hata kama hujaziambia ziweke." Alifungua mlango mmoja wa programu, akateremka, akafungua mwingine, mpaka akafika mahali panapokaa faili ambazo wenyewe hawakuzihifadhi. Palikuwa na faili moja tu, haina jina. "Bonyeza wewe," akasema. "Ikiuliza kitu, sema ndiyo."

Edinah alisema ndiyo. Buluu ikarudi yote kwa pamoja. Alilia bila kujificha, na Navneet akaihifadhi kazi ile haraka kabla mwenye nyumba hajapata wazo lingine. Kisha akaipunguza na kuipunguza, visanduku vikawa punje, na picha ikatokea: msichana aliyesukwa nywele pembe mbili, mikono ameitandaza, gauni limepanuka kwa upepo. Chini ya pindo la gauni hapakuwa na kitu. Hapo ndipo mama aliponyamaza.

Waliichapisha dukani kwa Navneet, karatasi nyingi zilizounganishwa kwa gundi, na Jumapili Edinah akaitandika kwenye meza ya mama yake Sirisia.

Wilkista alimkaribisha vizuri, jinsi anavyokaribishwa mgeni wa kanisani. Akamuuliza kama njia ilikuwa na matope. Halafu macho yake yakaangukia karatasi, na uso wake ukafunguka.

"Huyu mmempata wapi?"

"Unamjua, Mayi?"

"Nisimjue? Huyu ni Edinah wangu." Alipitisha kiganja juu ya zile pembe za nywele. "Anakaa Kitale. Huwa anakuja kuniona." Kiganja kikateremka mpaka kwenye pindo, kikasimama. "Lakini mtu amemwacha bila miguu. Sasa atafika hapa na nini?"

Peris alifungua kinywa, "Mama, si ndiye huyu..." Edinah akamgusa mkono, anyamaze. Alitafuta kalamu ya buluu mkobani, akainama juu ya visanduku vitupu.

"Nitajie," akasema. "Mimi nitajaza."

Wilkista akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kucheza hewani, vikivuta uzi usioonekana, wala havikutetemeka.

"Jaza moja, acha nne, jaza moja," akasema. "Fanya haraka, msichana wa watu. Mtoto wangu yuko njiani."