Hodi ya Saa Tisa na Dakika Kumi

Mwalimu mstaafu aliiweka sabufa yake juu ya meza ya fundi, akajifuta jasho la shingo kwa leso, akasema, "Fundi, hii inagonga."

Fundi hakumwuliza tangu lini. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu nane za nyuma na kuzipanga kwenye kisahani ili zisipotee. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, juu, ubavuni, chini, huku ameinamisha kichwa. Ubao ulikuwa mzima, gundi imeshika, spika haijachanika popote. Ilikuwa sabufa ya tatu wiki hiyo, na zote alikuwa amezitengeneza kwa mkono wake.

"Saa tisa na dakika kumi?" aliuliza.

"Hapo hapo. Mpaka na ishirini na moja, halafu inanyamaza. Umeme uwepo, usiwepo. Mimi mwenyewe sina neno nayo, Fundi, nimeshaizoea. Ila nikipata mgeni, kikombe chake cha chai kinatembea mezani, na mgeni anaona haya kukifuata."

"Unataka nikutolee sponji?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Kama haitakuuma," alisema.

Ilimuuma, lakini aliitoa. Aliibandua polepole kwa kisu butu, vipande sita vya kijivu, akaweka pamba mpya mahali pake na kurudisha skrubu zote nane. Mwalimu alishukuru, akaibeba sabufa yake kifuani kama mtoto aliyelala na kuondoka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sponji ile ilitoka wapi, kwa kuwa mtaa mzima ulijua.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusa kwenye besi ilibidi utafute kiti. Alikueleza kwamba sauti nyembamba ni kazi ya sikio, lakini besi ni kazi ya hewa. Sabufa inachuja. Sauti nyembamba zote inaziachia spika ndogo, yenyewe inabaki na zile nene tu, na uso wake mpana unasukuma hewa na kuivuta kama kifua cha mtu aliyelala usingizi mzito. Hewa ya nyuma inazunguka ndani ya kasha na kutokea kwenye tundu, ikaungane na ya mbele. Ndiyo maana besi huisikii, inakupata. Inakupata miguuni na tumboni kabla sikio halijapata habari. Na ndani ya kasha lazima pawe na sponji, la sivyo ubao nao utaanza kusema mambo yake. Mteja akiuliza aiweke upande gani wa sebule, fundi alikuwa na jibu moja, na alilitoa akitabasamu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza: "Iweke popote. Besi haina upande."

Sponji alikuwa akiletewa na mkewe. Mkewe alikata magodoro kiwandani, zamu ya alasiri, na wenzake walimwita Rula kwa sababu alikata kwa macho na hakuwahi kukosea. Vipande vilivyobaki vilikuwa takataka. Aliviokota, akachagua vile vizito vya kijivu na kuvileta dukani jioni amevikumbatia mpaka uso hauonekani. Mara nyingi alimkuta mumewe anajaribu sabufa kwa sauti ya juu kabisa, mlango umefungwa majirani wasilalamike. Alipiga hodi mpaka hodi ikamwisha. Basi alizoea kugonga: ngumi tatu za haraka, na mwishoni kofi moja la kiganja. Zile ngumi fundi hakuzisikia hata siku moja, zilikuwa zinazama kwenye besi. Alisikia kofi tu. Paa! Alipunguza sauti, akafungua, na mkewe akamtupia vipande kifuani na kusema, "Siku moja nitakufa hapa nje, wewe unacheza muziki."

Walicheka. Kwa miaka sita walicheka kwa maneno hayo hayo.

Kisha meneja wa kiwanda akagundua kwamba takataka zile zinaweza kujazwa kwenye mito. Alibandika tangazo kwamba vipande vinapotea, na siku iliyofuata mlango wa chuma wa zamu ya alasiri ukatiwa kufuli kwa nje. Fundi alimwambia mkewe aache, atatafuta pamba. "Pamba itaziua sabufa zako," mkewe alisema, na akaendelea kuleta, kimoja kimoja, ndani ya kifua cha gauni.

Moto ulianzia kwenye mapipa ya gundi. Wanawake kumi na wanne hawakutoka, Rula akiwa mmoja wao. Mkaguzi alifika kesho yake asubuhi, akaukuta mlango wazi, maana wazima moto walikuwa wamekata kufuli kwa msumeno na kuuegesha ukutani, na akaandika alichokiona: *Mlango ulikuwa wazi.* Ripoti ikapigwa muhuri. Meneja alisema kina mama walichanganyikiwa wakakimbilia upande usio na mlango.

Kugonga kulianza katika kila nyumba yenye sabufa ya fundi. Saa tisa na dakika kumi zilianza ngumi nyingi pamoja, bila mpangilio, mpaka vioo vya makabati vikalia. Dakika chache baadaye zilipungua, ukaweza kuzitofautisha. Mwishoni zilibaki za mtu mmoja au wawili. Watu walijipanga nazo. Mwenye mtoto mchanga alimlaza baada ya hapo, na kinyozi wa kona alisimamisha wembe kwa dakika kumi na moja, wateja wake wakasoma magazeti.

Fundi alimtambua mkewe tangu siku ya pili. Katikati ya fujo ile kulikuwa na ngumi tatu za haraka, kisha kimya kifupi, kisha tatu tena. Kile kimya ndicho kilichomvunja. Kilikuwa na urefu wa kofi. Sabufa ilikuwa imechuja, imechukua ngumi na kuliacha kofi, kama alivyoitengeneza ifanye. Aliunganisha spika ndogo, mbili, nne, nane, akazipanga mezani na kuzisubiri. Hazikutoa kitu. Spika ndogo hazitiwi sponji. Fundi alilala kifudifudi juu ya meza yake ya kazi na kulia kwa sauti, na muuza vocha wa mlango wa pili akamwekea maji ya kunywa kizingitini.

Alipojikaza alibeba sabufa moja hadi ofisini kwa mkaguzi. Mkaguzi alikuwa mteja wake wa zamani, mtu mpole mwenye meza safi. Alimkaribisha, akamwagizia soda, na wote wawili wakakaa wakitazama saa ya ukutani. Ilipofika tisa na kumi, kalamu za mkaguzi zilianza kuruka kwenye kopo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa karatasi.

"Hata ya nyumbani kwangu inagonga," alisema. "Mke wangu ameitandikia kitambaa."

"Basi unajua. Mlango ulio wazi mtu anaugonga kwa nini?"

"Nasikia kugonga, Fundi. Sikatai. Lakini ni mlango gani? Uko wapi? Hii sauti inatoka huku, inatoka kule, inatoka chini ya kiti changu."

"Inatoka kiwandani."

"Wewe mwenyewe uliniambia, siku ile nimekuja kununua," mkaguzi alisema kwa upole, na ilionekana maneno hayo yanampa shida kuyatoa. "Besi haina upande. Sasa niandike upande gani?"

Fundi alimweleza kuhusu ngumi tatu na kimya. Akapiga meza ya mkaguzi kumwonyesha, tatu na kofi. Mkaguzi alitikisa kichwa, akasema kimya hakiingii kwenye fomu. Alimsindikiza mpaka nje, akamshikia sabufa wakati anatafuta pikipiki, na ripoti ikabaki kama ilivyokuwa.

Baada ya hapo watu walianza kurudisha sabufa zao. Hawakuwa wabaya. Walikuja mmoja mmoja, kwa haya, kama mwalimu, wakisema kichwa kinauma, mama mkwe amekuja kukaa, mtoto ana mtihani. Kila sponji aliyoitoa fundi aliitia ndani ya kasha moja kubwa alilolitengeneza kwa mbao nzito na kulisimamisha kwenye kona ya duka. Mitaa ilitulia, na kasha likazidi nguvu. Ilipofika wakati wake, fundi alifunga kazi, akaweka viganja viwili ubavuni mwa kasha na kusimama hapo. Penye kimya kile alipiga kofi yeye mwenyewe. Ngumi tatu za mkewe, kofi lake. Kwa dakika kumi na moja walikuwa wawili, na hakuna kitu kingine alichokingoja katika siku nzima.

Shemeji yake alikuja siku aliyomrudishia mwalimu sabufa. Alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, naye mkataji, na siku ya moto alikuwa zamu ya asubuhi. Alisimama mlangoni amevaa sare mpya ya kiwanda.

"Hodi, Shemeji."

"Karibu. Wamefungua?"

"Wiki hii. Wamepaka rangi kila mahali, utadhani shule. Na mlango mpya." Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Una kufuli."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Kwa nje?"

"Kwa nje. Nimepangwa alasiri, kuanzia kesho."

"Shemeji, usiende."

"Niende wapi? Nitajie kazi moja mjini hapa wanayonisubiri, nikimbilie sasa hivi." Alisema bila hasira. Kisha alilitazama kasha kubwa pale konani. "Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche. Siku ile yenyewe. Siku ya moto, ukiwa hapa. Sabufa iligonga?"

Fundi hakuwa amemwambia mtu yeyote. Hakumwambia mkaguzi, wala kuwaambia waliokuja kumpa pole. Alikuwa amelibeba jambo hilo miezi saba kama mtu aliyemeza mfupa.

"Iligonga," alisema.

Shemeji alikisogeza kiti karibu na meza.

"Nilikuwa na sabufa hapa mezani, nimetoka kuitia sponji yake, imelala hata waya sijaiunganisha. Saa tisa na kumi ikaanza kugonga. Nikadhani ni gundi haijashika. Unajua gundi isiposhika, ubao unagonga. Nikaifungua. Nikakaza skrubu, nikapaka gundi tena, nikaweka jiwe juu ili ishike. Ikaendelea. Nikabadilisha spika. Nilikuwa nimekasirika, Shemeji, niliiambia inyamaze. Halafu ikanyamaza, na mimi nikafurahi. Nikasema nimeiweza."

Machozi yalimshuka Shemeji, akayaacha yashuke. Fundi alidhani atainuka aende zake na asirudi tena, na aliona atakuwa na haki.

Badala yake aliingiza mkono kifuani mwa sare, akatoa kipande cha sponji, cha kijivu, kipya, kikubwa kama kiganja. Kilikuwa bado na joto la mwili wake.

"Nimekikata mimi mwenyewe leo," alisema. "Kitie kwenye kasha dogo, peke yake, usikichanganye na vya dada. Kikigonga, usikaze skrubu. Uje."

Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

Sasa kuna sabufa ndogo juu ya meza, mkono wa kushoto, na hakuna anayeruhusiwa kuweka hata kijiko juu yake. Mlango wa duka haufungwi tena mchana. Nyuma yake umeegemea mtaimbo ambao fundi aliuazima kwa mvunja mawe na hajaurudisha. Kila alasiri, ngumi za mkewe zikishakwisha kwenye kasha kubwa, anahama na kuweka kiganja juu ya ile ndogo, na hapo anabaki, akifanya kazi kwa mkono mmoja, mpaka jioni shemeji apite kutoka zamu na kusema hodi. Anamwitikia karibu kabla hajamaliza neno. Shemeji anasema, "Bado niko, Shemeji," na kwenda zake kupika.

Asubuhi, kabla ya kufungua duka, fundi anaweka mtaimbo begani na kukimbia hadi kiwandani. Si kijana, na mtaimbo ni mzito. Siku ya kwanza alitumia dakika kumi na saba. Sasa watu wanampisha njia, na muuza vocha anamwangalizia saa anapoondoka. Mlinzi wa getini amezoea kumngoja na saa yake mkononi, anamfungulia ili afike mpaka kwenye mlango wa chuma, aguse kufuli na kugeuka.

"Leo je?" mlinzi alimwuliza jana.

Fundi alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatafuta pumzi. Alimwonyesha saa ya simu yake.

"Dakika kumi na mbili," mlinzi akasoma. "Hongera, mzee. Unazidi kupunguza."

"Bado moja," fundi alisema, akaupandisha mtaimbo begani na kuanza kurudi dukani.