Herufi Mbili Chini ya Gari

Nilichoona kwanza ni mwanga mweupe juu ya madimbwi, nyuma ya gari la Mama Akech. Gari lilikuwa linakwenda mbele, linapanda matope kutoka gereji yetu hapa Ntinda, lakini taa zake za rivasi zilikuwa zinawaka.

Mtu wa boda aliyekuwa nyuma yake alidhani linarudi. Akaruka, pikipiki ikaanguka upande mmoja, yeye akakaa matopeni.

"Mnataka kuniua!" alipiga kelele.

Waya zile niliziunganisha mimi.

Mama Akech alikuwa ameleta gari asubuhi kwa sababu taa za rivasi haziwaki. Dady, fundi anayenifundisha kazi, alilala chini ya gari, na mimi nikalala pembeni yake nimeshika tochi. Alinionyesha swichi, kitu kidogo kama boliti, kimefungwa kwenye giaboksi. Ukitia rivasi, gia inakibonyeza na taa zinawaka. Hicho kilikuwa kimekwama. Karibu nacho palikuwa na swichi ya pili, inayoonyesha kwamba gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Waya zao zilifanana, kwa hiyo bosi wetu Wamalwa alikuwa amezifunga utepe wenye herufi: R na F.

Dady alifunga swichi mpya, halafu akaitwa kwenye gari jingine.

"Darlène, malizia waya. Fuata herufi tu."

Nilifuata. Kwetu Bukavu, kwa Kifaransa, taa ya gari tunaita *feu*, na gurudumu tunaita *roue*. Maneno hayo nilibaki nayo kutoka shule. Basi F nikaipeleka kwenye swichi ya taa, R kwenye swichi ya magurudumu. Nilifurahi hata, kwamba nimesoma. Sikujua kwamba Wamalwa, Mkenya, aliandika kwa Kiingereza: R ya rivasi na F ya fowili, yaani magurudumu manne. Ndiyo maana Mama Akech alipotia magurudumu manne apande matope, taa za rivasi ziliwaka.

Dady aliporudi aliniuliza, "Umejaribu?"

Mama Akech alikuwa anapiga honi, ana haraka. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimejaribu.

Sasa gari lilirudishwa gereji, na Wamalwa akaingia chini yake na tochi. Alipotoka, magoti yake yalikuwa mekundu kwa udongo.

"Nani amefunga hizi waya?"

"Ni mimi, bosi," Dady akasema. Hakuniangalia.

"Eh, Mwalimu!" Kamis wa kuchomelea vyuma akadakia. "R ni ya nini? Ya roleksi, ile chapati ya mayai?"

Gereji nzima ikacheka. Wanamwita Dady Mwalimu kwa sababu kule Bukavu alifundisha shule. Jumapili, baada ya misa, watu wetu humpangia foleni awasomee karatasi zao za ukimbizi. Na leo wanamcheka kwamba hajui R.

Mama Akech hakucheka. "Wamalwa, huyu asiguse gari langu tena. Nataka fundi anayejua kusoma."

"Umesikia," Wamalwa akamwambia Dady. "Weka spana chini. Kesho tutaongea kama bado una kazi hapa."

Dady aliiweka. Akaanza kujifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu asiyejua aende wapi.

Mimi siongei mbele ya watu. Hata nikiulizwa jina huwa naangalia miguu yangu. Niliiangalia hata sasa, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mama, waya nilifunga mimi."

"Wewe?" Wamalwa akashangaa. "Wewe si unashika tochi tu?"

"Darlène, nyamaza," Dady akasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu anajua kusoma. Asiyejua ni mimi. Niliacha shule darasa la tatu. Bosi, zile karatasi za kazi mnazonipa nisome hapa gereji, nikasema macho yananiuma, hayaumi. Hayajawahi kuuma."