Njia ya Kumpokea Kalondu

Kaluki alipochora njia mbili kwa majivu mbele ya nyumba yake, tulidhani jua la Ruiru limemwingia kichwani. Uwanja wenyewe ukisimama getini ukatema mate, yanafika mlangoni. Na yeye kachora njia moja inayonyooka hadi mlango wa mbele, halafu nyingine inayokata kona hapo hapo getini, inazunguka nyuma ya tangi la maji na kuingilia jikoni.

"Njia mbili za nini?" mume wake Njau akauliza, kikombe cha chai mkononi. "Hapa ni bypass?"

Sisi wa saloni tukacheka mpaka Maggie, niliyekuwa namsuka, akatikisa kichwa kitana kikaniponyoka mkononi. Saloni yangu imepakana na uwanja huo. Katikati ni fensi ya mbao tu, inafika kiunoni, kwa hivyo ya kwao tunayasikia bila kujitafutia dhambi.

"Nataka mbili," Kaluki akasema.

"Moja ya nani?"

"Ya Mama."

"Mama mkwe wangu apitie jikoni kama mtu wa kuleta maziwa? Mimi Njau? Watu watasema nini?"

Akatukodolea macho sisi, kwa sababu watu wenyewe ndio sisi. Kaluki alichukua ufagio akafagia majivu yote, akaingia ndani. Tukabaki tumeshangaa, maana Kaluki si mtu wa kunyamaza.

Acha nieleze shida ilikuwa wapi. Mama yake, Kalondu, anakaa Ngoliba huko mashariki ya Thika, analima mahindi na mbaazi. Tangu Kaluki aolewe na Njau, huyo mama hajawahi kukanyaga nyumba ya binti yake. Kaluki ndiye huenda kwao. Mtoto alizaliwa, mama hakuja. Nyumba ikajengwa, hakuja. Sisi tukisengenya tulikuwa tumeshakata kesi: Mkamba huyo hataki mkwe Mkikuyu, basi. Njau mwenyewe aliwahi kuniambia, "Ngendo, huyo mama hata siku ya ruracio, tulipopeleka mahari, alijificha jikoni. Sijawahi kuona uso wake. Nilimkosea nini?"

Sasa macho ya Kalondu yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona kivuli tu. Hospitali moja ya Thika ilikubali kumpasua, lakini daktari akasema lazima alale karibu, atiwe dawa na mtu mwenye mikono safi, asirudi kwa vumbi la shamba mpaka apone. Karibu maanake ni kwa Kaluki. Mama akakataa. Kaluki akalia kwa simu wiki nzima. Mwisho Kalondu akasema sawa, nitakuja, lakini siku nitakayoona mambo hayako sawa, narudi kwangu nife kipofu. Ndiyo maana hiyo njia ilikuwa si mchezo.

Kaluki alipoenda Ngoliba kumchukua, akakaa huko siku kadhaa kumtayarisha, Njau aliita fundi, Sifuna. Mawe ya Ndarugo yakashushwa, kabro za kutandika chini, za kijivu na nyekundu, zikapangwa. Mimi nilisimama fensini nikasimamia kazi ambayo sikuulizwa.

"Njau, mbona unajenga kuta?" nikamuuliza. Njia ilikuwa moja, imenyooka, na kila upande ukuta unaofika kiunoni, kuanzia getini hadi mlangoni.

"Mtu haoni, Ngendo. Atashika ukuta huu na huu, atembee bila kuongozwa kama mbuzi. Ngazi nimetoa, nimeweka mteremko. Hapa juu Sifuna amepiga plasta laini asikwaruze mkono."

Halafu nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nahisi baridi. Njau alitoa kitambaa, akajifunga macho. Mwanamume mzima, fundi anamtazama, saloni nzima inamtazama. Akaanza kutembea kutoka getini, mikono kwenye kuta, polepole, akipapasa kwa mguu. Pahali kabro moja ilikuwa imeinuka, akajikwaa. Akasimama.

"Sifuna, ng'oa hii."

"Boss, hiyo ni kidogo."

"Kwako wewe unayeona. Ng'oa."

Maggie akaninong'oneza, "Huyu ndiye anachukiwa na mama mkwe? Ngai, mimi wangu hata ngazi hawezi kufagia."

Basi nikasema mgeni wa namna hiyo hapokelewi kimya. Niliwaita wanawake wa chama, wa saloni, wa kanisa, hata mama wa mboga akafunga kibanda. Siku ya kufika tulikuwa tumejaa getini, leso kiunoni, nyimbo tayari.

Gari likafika. Kalondu akashuka. Mama mwembamba, mrefu, leso kichwani, amemshika Kaluki mkono. Tukapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kaluki alikuwa anatabasamu, halafu akatazama ndani ya geti.

Nilimwona. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Nani alijenga hii?" akauliza.

"Surprise!" nikamwambia.

Hatukumpa nafasi. Wimbo ulikuwa umeshika moto, watu wanasukuma, Kalondu akajikuta mbele, mkono wake ukagusa ukuta. Akatabasamu, jamani. Akagusa na wa pili. Akaanza kutembea mwenyewe, sisi nyuma yake tumejazana kwenye hiyo njia kama maharagwe kwenye chupa, Kaluki amebanwa huko nyuma anaita, "Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Nani angesikia?

Alipofika katikati, mlango ukafunguka. Njau akatoka, suti ya harusi, mikono miwili mbele. Alikuwa amejifunza neno la Kikamba la kumwita mama kutoka kwa Mutiso wa hardware.

"Karibu, mwaitu!"

Mama alisimama kama aliyegonga nguzo.

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, mkwe wako. Njau."

"Woi!" Sauti yake ilikata wimbo wetu wote. Akavuta leso akajifunika uso mzima. Akageukia kushoto, ukuta. Kulia, ukuta. Akarudi nyuma, akatugonga sisi. Alikuwa anapapasa zile kuta, anatafuta mahali pa kutokea, hakuna. Halafu akaketi chini. Hapo hapo kwenye kabro, mgongo kwa Njau, kichwa kwenye magoti.

Nimeona mambo Ruiru hii. Nimeona bibi harusi akikimbia kanisani. Lakini mgeni kuketi chini njiani akimpa mwenyeji mgongo, hilo sijawahi kuliona.

Njau akasogea amwinue.

"Usimguse!" Kaluki akapiga kelele. "Njau, geuka! Usimwangalie!"

"Kwani mimi ni mkosi?" Njau akauliza. "Mbele ya watu wote hawa, Kaluki? Nimejenga, nimevaa, anajifunika kama ameona shetani? Sema tu ukweli. Ananichukia."

"Hakuchukii! Ni nthoni!"

"Ni nini?"

Kaluki alikuwa analia, akiongea juu ya mabega yetu. "Kwetu mama na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Ni heshima, Njau. Heshima kubwa kuliko zote. Ndio maana alikaa jikoni siku ile. Ndio maana nilitaka njia mbili. Sasa umemwekea kuta, atatokea wapi?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kila nikisema mambo ya Mama unacheka, unasema tuko enzi ya simu! Niliona aibu."

Maggie, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza, "Lakini si haoni?"

Kalondu akajibu mwenyewe kutoka ndani ya leso. "Mimi ni kipofu. Yeye je?"

Uuui. Tukaangalia viatu vyetu, wote.

"Kaluki," akasema, "nirudishe Ngoliba."

Upasuaji ulikuwa kesho yake asubuhi. Kila mtu pale alijua. Akirudi kwake, haji tena. Mtu mzee akiaibika mara moja inatosha. Tulijaribu kurudi nyuma tumpishe, lakini wa nyuma hawakuwa wamesikia, walikuwa bado wanasukuma na wanauliza keki iko wapi.

Nikamtazama Njau. Amesimama pale, suti inang'aa, mdomo wazi. Miaka yote hiyo ameamini anachukiwa, na sasa ameambiwa aliheshimiwa. Sijui ni kipi kilimshtua zaidi. Alimtazama huyo mama aliyeketi chini, halafu akakumbuka hatakiwi kutazama, akafumba macho kabisa.

"Mwambieni asiinuke kwa ajili yangu," akasema. "Mimi ndiye nitaingia kichakani."

Na kichaka kiko wapi Ruiru? Alipapasa ukuta, macho yamefumbwa, akapandisha goti moja, suruali ikachanika pwaa! Akasimama juu ya ukuta, akaruka fensi yangu, akatua kwangu. Si kwangu tu, ndani ya karai la taulo za saloni, na maji ya dawa ya nywele. Maji yakamrukia Ndila, mteja wangu aliyekuwa amebaki kwenye kiti na karatasi kichwani.

"Ngai fafa! Mwizi!"

"Si mwizi, ni mkwe!" nikapiga kelele.

Hakuna aliyecheka. Unaweza kuamini? Wanawake ishirini na kitu, mwanamume amekaa kwenye karai, na hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunamtazama Kalondu.

Aliinua kichwa kidogo. "Ameenda wapi?"

"Ameruka fensi, Mama," Kaluki akasema.

"Ameruka?"

"Yuko kwa jirani. Amekaa kwenye maji."

Mama akaishusha leso usoni. Halafu akaweka mkono kwenye ukuta wa kushoto, wa pili kwenye ukuta wa kulia, akajiinua mwenyewe. Akatembea hadi mlangoni, hakujikwaa hata mara moja, akaingia. Ndipo vigelegele vikatoka, hata sijui nani alianza.

Njau alilala kwangu, kwenye kiti kirefu cha saloni, siku zote mama mkwe alipokuwa kwake. Alfajiri anapewa chai juu ya fensi, jioni anapewa ugali juu ya fensi, mtoto anapitishwa juu ya fensi aambiwe habari ya shule. Nami sikuwahi kuwa na wateja wengi hivyo. Watu walikuja kusukwa nywele ambazo zilikuwa zimesukwa jana.

Kalondu alipasuliwa, akatolewa bandeji huko Thika, akarudi anaona. Kesho yake nikamkuta amesimama kwenye ile njia peke yake, anaikagua. Anainama, anafuata mstari wa kabro kwa kidole, anagusa plasta. Alipofika mwisho akaniita.

"Wewe jirani. Ni kweli alijifunga macho akatembea hapa?"

"Ni kweli, mama. Akang'oa kabro akaipanga upya."

Akatikisa kichwa. Halafu: "Mwambie mkwe wangu njia ni nzuri. Lakini abomoe ukuta hapa katikati, upana wa mtu. Mtu mwenye heshima lazima apate pa kupita."

Njau alikuwa nyuma ya pazia la saloni, amesikia yote. Aliazima nyundo ya Sifuna akabomoa pengo hilo, mama akiwa amelala mchana.

Siku ya kurudi Ngoliba, Kalondu alitoka mlangoni na mfuko wake, hashikwi na mtu. Wakati huo huo Njau akaingia getini. Hatukuwa tumepanga, naapa, ingawa tulikuwa tumejaa fensini. Walisikiana hatua. Mama akaingia kwenye lile pengo, akasimama upande wa tangi, amegeuka. Njau akapita, macho kwenye viatu, akasimama mgongo kwa mgongo na yeye. Nilishika mkono wa Maggie mpaka akalia.

"Umeamkaje, mkwe wangu?" Kalondu akasema, anaongea na tangi.

"Salama, mwaitu," Njau akauambia mlango.

"Hiyo suruali ilishonwa?"

"Bado."

"Ilete Ngoliba. Uiache getini, nitashona." Akarudi njiani, akaenda zake, na mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.