Seva Zilizokataa Kusahihishwa

Hospitalini walimwita Bwana Seva, na jina lilimkaa. Mashine zote zilizotunza kumbukumbu za wagonjwa alizipanga mwenyewe, moja moja, kwa mkono, na kila moja alizijua tabia zake. Ndiyo maana hakuwahi kumaliza likizo hata moja. Akifika tu aendako, simu inaita, anarudi na begi asilolifungua. Safari hii binti yake alikuwa amejifungua mjukuu wa kwanza, na mkewe alishasema wazi kwamba ataondoka naye au bila yeye. Mkuu wa kazi naye akaweka sharti: likizo ipo, ila kwanza seva ziweze kujiendesha.

Basi mtu mzima akarudi shule, na mwalimu akawa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi idara hiyo hiyo. Shemeji na utani ni chanda na pete. Alimfundisha kuandika kwenye faili moja jinsi kila seva inavyotakiwa kuwa, kisha programu ipite kila baada ya nusu saa kuhakikisha hakuna iliyokwenda kombo. Bwana Seva akaandika, ikakubali, akatembea kifua mbele hadi jioni.

Kesho yake balaa likaanza. Seva ya maabara ilikuwa inajaa kwa sababu nakala za zamani hazikufutwa mapema. Akaingia kwenye seva yenyewe, akarekebisha mpangilio wa kufuta kwa mkono kama alivyozoea, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta mpangilio ni ule ule wa mwanzo. Akarekebisha tena, ukarudi tena. Yeye na seva walishindana hivyo hadi mchana, naye akakata shauri kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akamfuata shemeji mezani, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa kama hataki aende kwa mjukuu aseme tu, lakini asimchezee seva.

Shemeji aliuma midomo asicheke. Akamvutia kiti, akamwambia arekebishe mara nyingine, wakae watazame. Wakakaa. Muda ulipotimia, programu ikapita, ikasoma lile faili, ikaurudisha mpangilio mbele ya macho yao.

"Anayekupinga ni wewe, shemeji," akasema. "Inafuata ulichoandika. Ukibadili mawazo, iandikie. Haiwezi kukisia unachotaka."

Bwana Seva aliona haya mpaka masikioni. Akafungua faili, akabadilisha mstari mmoja, na muda si mrefu seva zote zikawa sawa bila yeye kuzigusa. Shemeji akampongeza, akaongeza kwamba sasa hata Bwana Seva mwenyewe angeweza kuachwa nyumbani kama sufuria ya akiba. Ulikuwa utani, lakini ulimchoma.

Kwa binti yake, simu haikuita. Siku ya kwanza aliiangalia kila mara, ya pili akaijaribu kama ina mtandao, ya tatu akakaa sebuleni amejikunja kama mtu aliyefukuzwa kazi.

"Hawajapiga," akamwambia mkewe. "Hawanihitaji tena."

Mkewe, aliyeisubiri siku hiyo kwa miaka yote ya ndoa yao, hakumwonea huruma hata kidogo. Alimwekea mjukuu mikononi, akamsogeza kiwiko.

"Mshike shingo vizuri," akasema. "Huyu bado ni wa kazi ya mkono."