Jino la Bibi Mukunde

Bibi Mukunde alikata roho Jumapili alfajiri, na kufikia alasiri alikuwa ameshazikwa makaburini Nyamirambo. Kwa Waislamu maiti hacheleweshwi. Mjukuu wake Uwera ndiye aliyemwosha. Alimfuta kinywa kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kama anavyofutwa mtoto, akamtia pamba na kafuri. Katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kwamba kesho yake mtu wa makumbusho, Silvère, angekuja kuchukua mate ya kinywa hichohicho yakapimwe.

Mjomba wa Bibi, Kagabo, alikuwa mpagazi wa Wazungu. Alipofia njiani walimkata kichwa wakaenda nacho kwao, eti wakakipime. Hadi leo kimo ndani ya boksi, stoo ya makumbusho huko Ulaya. Sasa wenye makumbusho wameona haya, wanarudisha mafuvu, ila kwanza wapate vinasaba vya ndugu wa upande wa mama. Yaani aliyeiba ndiye anayedai ushahidi! Na ndugu wa upande huo alibaki Bibi peke yake. Mwanawe wa pekee, baba yake Uwera, alishatangulia, na Uwera hafai kwa kuwa vinasaba hivyo hurithishwa na mama.

Silvère, Mnyarwanda aliyeajiriwa na makumbusho kutafuta ndugu, alimpokea ofisini Kiyovu.

“Nilimfuta mwenyewe,” Uwera alisema. “Aliniapisha nimrudishe Kagabo, nami nikafuta kila kitu.”

“Pole sana, dada. Iko njia moja. Kaburi iko mpya. Tukipata ruhusa tunafungua, tunatoa jino. Moja tu.”

 Uwera alitamani kusema ndiyo. Aliiona sanda aliyoifunga kwa mikono yake ikifunguliwa, na mtu mwenye glavu akimpanua Bibi taya.

“Hata Kagabo walimchukua kichwa tu,” alisema. “Hapana. Bibi hamgusi.”

“Basi atabaki kule, dada. Hakuna njia ingine.”

Uwera alilia bila kujificha. Alipopata sauti aliomba jambo moja: kwenye lile boksi, badala ya namba, liandikwe jina. Kagabo. Basi.



“Jina pia wataomba uthibitisho,” Silvère alisema.