Hataza Iliyokwisha Zamani

Barua ilikuwa mezani, imebanwa na kikombe cha chai kama vile ingetoroka. Mpwa wangu alikaa mbele ya kompyuta, shavu kiganjani.

"Mjomba, leo naifuta."

Alimaanisha programu yake ya kusikilizia masomo yaliyorekodiwa. Aliiandika mwenyewe miaka miwili nyuma, akaigawa bure, na wanafunzi wasioona wa shule nyingi hawana kitabu kingine. Sasa kampuni fulani imeandika kwamba ule ufundi wa kubana sauti uliomo ndani una hataza, yaani una mwenyewe aliyeubuni na kuusajili kuwa wake kwa muda fulani. Kila nakala ilipiwe leseni, la sivyo programu iondolewe kabla ya Ijumaa.

"Nakala ngapi?"

"Nitajuaje? Kitu cha bure hakina daftari. Anayekichukua humpa mwenzake."

Simu ilikuwa wazi mezani. Upande wa pili alikuwa mwalimu wa watoto hao, naye haoni.

"Mama Programu, usiguse kitu! Mtihani wiki ijayo. Unataka wasome kwa kunusa?"

Nikaichukua barua. Darasani sikukaa sana, ila mipakani nimesimama mno na lori langu, na huko hati huanzi na jina, unaanza na tarehe ya kuisha. Nikaruka vitisho vyote hadi ukurasa wa mwisho, penye orodha ya hataza. Kila moja ilikuwa na tarehe mbili.

"Mbili za nini?"

"Ya kuombwa na ya kutolewa. Hudumu miaka ishirini. Nimeshahesabu, bado mmoja."

"Umehesabu kuanzia ipi?"

Akageuza kiti. "Ya kutolewa."

"Una hakika?"

Akafungua sheria kwenye kompyuta, akaifuata kwa kidole, midomo ikicheza.

"Kuombwa," alisema mpwa wangu. Kisha kwa sauti kubwa: "Mjomba, inahesabiwa tangu kuombwa! Hata ile ya mwisho imekwisha miaka mitatu sasa!"

"Ala!" mwalimu akacheka simuni. "Mdai kazikwa kabla mdaiwa hajazaliwa! Hao wanatupa nyavu tu, wamnase mwoga."

"Na nusura wamnase," alisema mpwa wangu, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Basi kwa kuwa hufuti, somo la tatu la jiografia linakwama katikati. Tangu mwezi jana nakwambia."

"Nalitengeneza sasa hivi, mwalimu."

Akanyanyua kikombe, akaipiga chai iliyopoa funda moja, na barua ikabaki mezani bila cha kuibana.